Gitare, malachite na simu: wanamuziki wanaotembea peke yao

Saa kumi na moja ya asubui, bus ya wafanyakazi inapanda njia ya mine. Casque iko juu ya magoti, macho ingali na usingizi. Nyuma kabisa, kijana mumoja amefungulia muziki mu simu bila écouteur, sawa vile vijana wanavyopenda. Kwanza inasikika likembe. Kisha ngoma ya mashini. Kisha mutu anasema Kifaransa mbio-mbio, na kwa gafula linapita neno la Kiswahili, Kiswahili yetu ya huku. Muzee wa mbele anageuka: hii njo muziki gani? Ya wapi?

Ulizo hilo tumelisikia mara nyingi, mu bus, mu lupango siku ya matanga, na hata nyumbani mwetu. Wazee wanasema vijana wametupa muziki ya asili. Vijana wanasema wazee hawasikii kitu. Leo tunataka kuwajibu wote wawili. Tutasema juu ya wanamuziki wa kwetu ambao hawako mu orchestre kubwa ya Kinshasa, hawana mupangaji mukubwa nyuma yao, na albamu zao zinachanganya kila kitu: gitare ya kijiji, rap, rock, kwaya, likembe, ordinateri. Kule Ulaya wanawaita watu wa muziki mupya. Sisi tunasema, ule upya tuliuona zamani, mu makambi yetu.

Jadotville, 1952

Turudi nyuma kidogo. Mu 1952, Muingereza mumoja aliyeishi Afrika ya Kusini, Hugh Tracey, alikuwa anatembea mu inchi na mashini yake ya kunasa sauti. Mu Jadotville, leo Likasi, alikuta kijana wa miaka 22 hivi anapiga gitare. Jina lake Mwenda Jean Bosco, mwana wa Bunkeya, wa kabila la Bayeke. Alipiga kwa vidole viwili tu, kidole gumba na kile kinachofuata, lakini ukifunga macho ungezani watu wawili wamekaa pale. Nyimbo yake « Masanga » ikatoka ku diski, ikavuka mipaka, ikafika mpaka Afrika ya Mashariki. Wapiga gitare wengi wa kule wakaketi wakajifunza vidole vya Bosco.

Mu miaka ya 1950 hiyo, Bosco na ndugu yake Edouard Masengo walifika Nairobi. Kule watu waliwasikia hata ku matangazo ya biashara: Bosco kwa dawa ya Aspro, Masengo kwa Coca-Cola. Na mu 1969, Bosco akasimama mbele ya watu ku Marekani, mu festival ya Newport, ile ya muziki ya asili. Mwana wa Bunkeya, na gitare yake moja.

Sasa tuulizane: muziki ya Bosco ilikuwa ya kabila gani? Wenye kufanya utafiti wameandika kurasa na kurasa juu ya vidole vyake. Lakini sisi watu wa kambi tunajua jibu ni refu. Union Minière ilianza mu 1906, na ilileta watu wa kazi kutoka Kasaï, Rhodesia ya Kaskazini, Angola, Ruanda-Urundi. Kila mutu alikuja na luga yake na ngoma yake. Wakapewa nyumba zilizopangwa mistari-mistari, posho, na sirène moja ya kuwaamsha wote. Kiswahili ikawa luga ya kazi, ya soko, ya ndoa. Na jioni, mbele ya nyumba, kulikuwa diski za Cuba, nyimbo za misa, gitare zilizotoka kusini kwa njia ya reli, na sauti ya kijiji ambayo mutu hakuiacha ku gare wakati alishuka. Kutoka mu mchanganyiko ule wakazaliwa ba kina Bosco, Masengo, Losta Abelo. Hakuna aliyewauliza karatasi ya kabila ya nyimbo zao.

Kwa hiyo muzee anayesema mchanganyiko unaua asili, tunamuomba asikie tena diski za ujana wake mwenyewe.

Mutoto wa Lubumbashi ku Liège

Wa kwanza tunayetaka kumueleza ni Baloji. Jina lake ni lake kweli, si la jukwaa. Kila mutu wa huku anajua maana yake, na anaweza kufikiri namna mutoto mwenye jina la wachawi anavyoangaliwa mu masomo ao mu kanisa. Alizaliwa Lubumbashi mu 1978. Akiwa mutoto mudogo, baba yake alimupeleka Ubelgiji. Mama akabaki.

Alikomalia ku Liège. Tuseme kidogo juu ya muji ule, sababu si muji wa kigeni kwa watu wa mine. Liège ni muji wa makaa na chuma. Mine ya mwisho ya makaa mu eneo lile ilifungwa mu 1980, kidogo tu mbele ya mutoto yule kufika. Aliyekaa Kipushi ao Likasi mu miaka ya taabu anajua namna muji unavyokuwa wakati mashini zinanyamaza. Kule Baloji aliingia mu kundi la rap, Starflam, likapata jina kubwa mu Ubelgiji. Kisha akaliacha, na akataka kuacha muziki kabisa.

Kile kilichomurudisha ni barua. Ilitoka kwa mama yake, ambaye hakuwa na habari zake tangu miaka ya utoto. Baloji akaijibu kwa albamu nzima, « Hotel Impala », iliyotoka mu 2007: maisha ya miaka 25 aliyoyapitisha mbali naye, yamewekwa mu nyimbo ili mama ayasikie. Mwenyewe ameeleza kwamba, wakati walipoonana, mukutano haukuwa sawa vile alivyoota. Mama hakungojea diski. Alingojea mutoto, na mutoto mwenye kutoka Ulaya anangojewa na mambo mengi. Familia ngapi za huku zinajua jambo hilo? Baba aliyeenda kufanya kazi Kolwezi akaacha watoto Kasaï, dada aliyevuka akaenda Zambia, ndugu anayepiga simu mara moja ku mwaka. Mutu anarudi na zawadi, na zawadi si ile iliyongojewa.

Mu 2009 akaenda Kinshasa. Mu siku sita alinasa nyimbo za « Kinshasa Succursale » pamoja na wanamuziki wa pale, ndani yao Konono N°1, wale wa likembe yenye umeme, na Zaïko Langa Langa. Mu albamu hiyo alichukua « Indépendance Cha-Cha » ya Grand Kallé, nyimbo ambayo kila nyumba ya Congo inaijua tangu 1960, akaandika maneno mapya juu yake. Aliipa jina la Kifaransa na la Kiswahili pamoja: « Le jour d'après / Siku ya baadaye ». Hakuirudilia kwa kuwafurahisha watu wa sikukuu. Aliuliza kile kilichofanyika kesho yake, wakati ngoma zimenyamaza na watu wamerudi ku kazi.

Kisha mu 2015 ikatoka « 64 Bits & Malachite ». Hapa tunasimama kidogo, sababu jina hilo limeandikwa sawa vile kwa ajili yetu. Malachite, lile jiwe la majani mabichi, watoto wa Katanga wanalijua mbele hawajajua kusoma: wanaliokota, wanaliuza likiwa limesuguliwa, mikufu na vyombo vya kutia majivu ya sigara vinatengenezwa nayo. Na 64 bits ni hesabu ya ordinateri. Jiwe na mashini mu jina moja. Sisi tunaotoa shaba na kobalti tunaelewa bila kufundishwa. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka mu udongo wa Congo, inaenda mbali, inaingia mu batterie za simu, na simu inarudi huku ndani ya mufuko wa kijana wa bus ikiimba. Muziki inaruka juu ya jiwe letu.

Mu 2018 akatoa « 137 Avenue Kaniama ». Hiyo ni adresse ya mama yake hapa Lubumbashi, na moja ya nyimbo ndefu za albamu inarudi ku mukutano wao. Ukisikiliza albamu hiyo kutoka mwanzo mpaka mwisho utafikiri umezungusha redio: rumba, funk, ngoma za dansi za Ulaya, mutu anasema kama mwenye kusoma barua. Lakini mu vipande vingi kuko gitare moja safi ya kwetu. Kwa muda murefu mupiga gitare wa Baloji alikuwa Dizzy Mandjeku, muzee aliyepiga mu T.P. OK Jazz ya Franco. Kijana wa rap hakukata mizizi, alienda kumutafuta muzee mwenyewe.

Na hajasimama. Mu 2023 filme yake « Augure » ilipata prix ku Cannes. Sehemu yake ilipigwa hapa Lubumbashi. Ni habari ya Koffi, mwana anayerudi kutoka Ubelgiji, ambaye familia inamuona kama muchawi. Baba yake ni mutu wa mine, na mwana anamutafuta bila kumuona. Kwa filme hiyo Baloji alitunga nyimbo zilizogawanyika mara nne, kila sehemu kwa sauti ya mutu mumoja: Koffi, mama yake Mujila, dada yake Tshala, na Paco, kijana wa barabara. Kila mutu na muziki yake. Nani mu nyumba zetu hajui hilo? Baba anataka rumba, mama anataka nyimbo za kanisa, dada anataka ndombolo, kijana anataka kitu ambacho hata jina lake hatujui. Wanaishi chini ya mabati mamoja.

Bukavu, Kinshasa, na njia zingine

Si Baloji peke yake. Lokua Kanza, mwana wa Bukavu, alizaliwa mu 1958 kwa baba Mukongomani na mama Munyarwanda. Wakati muziki yetu yote ilikuwa inapanda mbio, gitare za umeme na kelele za atalaku, yeye alishika gitare kavu akaimba polepole. Albamu yake ya kwanza ilitoka mu 1993. Haikuwa ya kucheza, ilikuwa ya kukaa na kusikia. Wengi walisema hii haiwezi kuuzishwa. Yeye akaendelea: « Wapi Yo », « Toyebi Te », kisha « Nkolo » mu 2010. Kisha akanyamaza miaka 11 bila albamu yake peke yake, mpaka « Moko » mu 2021, ambamo anatembea mu luga mbalimbali za Afrika. « Moko » kwa Lingala ni moja. Miaka 11, kitu kimoja. Mwanamuziki mwenye mukataba wa kutoa diski kila mwaka hawezi kungojea hivyo. Mutu anayejitegemea anaweza, kama ana uvumilivu na kama familia yake inavumilia pamoja naye.

Ku Kinshasa kuko Jupiter Bokondji na orchestre yake Okwess. Baba yake alikuwa diplomate, na Jupiter alikaa Berlin ya Mashariki mu ujana. Aliporudi, alianza kutafuta ngoma za makabila mbalimbali, zile ambazo rumba iliziacha nyuma, akaziunganisha na rock. Alifanya kazi miaka mingi mbele ya albamu « Hotel Univers » kutoka mu 2013. Kisha ikatoka « Kin Sonic » mu 2017, na « Na Kozonga » mu 2021: ninarudi.

Na kuko vijana wa KOKOKO!, waliotoa « Fongola » mu 2019. Vyombo vyao wametengeneza wenyewe kwa mikebe, chuma na vipande vya mashini vilivyotupwa. Mutu wa atelier akiona vyombo vile atacheka kwanza, kisha atakaribia kuangalia namna vilivyofungwa. Sisi watu wa mine tunajua kwamba mabaki ya mutu mumoja ni kazi ya mwingine: miaka mingi watu wamekula kutoka mu mabaki ya zamani, mu vilima vya uchafu ambavyo wakubwa walisema havina kitu.

Nani anashika mizani?

Sasa tufike ku jambo linalotuuma. Kutembea peke yako kuna uzuri wake, lakini kuna njaa pia. Na hapa hatusemi tena juu ya watu wa Cannes. Tunasema juu ya watoto wetu.

Mu Kolwezi, Likasi, Lubumbashi, studio ndogo ziko karibu kila quartier: ordinateri moja, micro moja, godoro imewekwa ku ukuta kwa kuzuia kelele. Kijana analipa mwenye studio, analipa mwenye kupiga clip, anaweka nyimbo ku intaneti. Mara nyingi feza hiyo ni ya baba, imetoka ku mushahara, ao ni ya kaka aliyebeba mifuko ya mawe. Nyimbo ikianza kutembea mu buvette na mu taxi, anakuja mutu na feza ku mukono: niachie hii nyimbo. Kijana hajawahi kuona feza nyingi hivyo mara moja. Anatia sahihi. Tangu siku hiyo nyimbo inaimba kwa ajili ya mwingine.

Wachimbaji wa mukono, ninyi munajua habari hii kuliko sisi. Munashuka mu shimo, munatoa jiwe, munalifikisha ku depo. Mizani ni ya mununuzi. Mashini inayosoma teneur ni ya mununuzi. Yeye njo anakuambia jiwe lako lina uzito gani na lina shaba ngapi, na wewe unachoka, una njaa, unakubali. Mwanamuziki anayeuza nyimbo bila kujua kile kilicho ndani yake ameuza jiwe bila teneur. Hata wakati wa Bosco, wengi walionasa diski walilipwa mara moja tu, siku ya kuimba, na diski ikaendelea kuuzishwa bila wao. Bosco mwenyewe alikufa kwa aksida ya gari mu 1990. Vidole vyake vingali vinajifunzwa na watu wa ng'ambo ambao hawajawahi kuona Likasi.

Lakini sheria iko. Ordonnance-loi ya tarehe 5 mwezi wa 4 mwaka 1986 inalinda kazi ya mutunzi mu maisha yake yote na miaka 50 kisha kifo chake. Maana yake: nyimbo ni mali sawa vile lupango. Mutoto wako anaweza kuiriti. Mutunzi wa nyimbo zilizobaki, akifa mu 1990, kazi yake ina mwenyewe mpaka 2040. Na kuko shirika la haki za watunzi, SOCODA, ambako mutunzi anaweza kujiandikisha. Tunajua watu wanalalamika kwamba feza inachelewa. Hata hivyo, mutu asiyeandikwa hana hata njia ya kulalamika.

Kwa hiyo wazazi, mutoto akileta karatasi ya kutia sahihi, musiseme ni mambo ya muziki, hatujui. Muketi naye, musome, na muulize mambo haya manne. Kwanza: kile kilichonaswa mu studio, ile matrice yenyewe, inabaki kwa nani? Pili: majina ya aliyetunga, aliyeandika maneno na aliyepiga gitare yameandikwa? Tatu: mukataba ni wa miaka ngapi, na unafika wapi, Congo tu ao dunia yote? Ine: kila nyimbo ikiingiza feza, sehemu ya mutoto ni ngapi, na nani atamuonyesha hesabu? Kama mwenye karatasi anakasirika juu ya maulizo haya, mumefahamu.

Wanamuziki tuliotaja hapa wamepita njia murefu na hawakutajirika wote. Lakini wameshika jambo moja: wao njo wanaamua nyimbo iwe ndefu namna gani, iwe mu luga gani, nani apige gitare, na lini itoke. Ndiyo maana albamu zao zinachanganya hivyo. Mununuzi mukubwa hapendi mchanganyiko, anataka mufuko wenye jiwe la aina moja. Mwenye kushika mizani yake mwenyewe anaweza kuleta malachite, kobalti na udongo mwekundu pamoja, na kusema: hii njo udongo wetu, njo vile uko.

Siku ya mungu ya mchana

Tunawaomba kitu kidogo. Siku ya mungu, kisha chakula, wakati jua limeshuka na wote wako mu lupango, mutafute « Masanga » ya Bosco mu simu ya mutoto. Iko, ni rahisi kuipata. Muache muzee aeleze mahali alipoisikia mara ya kwanza. Kisha mutoto atie « Siku ya baadaye », ao nyimbo moja ya « Moko ». Musizime ku dakika ya kwanza. Muulizane: gitare hii, nani anapiga? Neno hili ni luga gani? Nani aliandika?

Na yule muzee wa bus, tunataka kumujibu mbele hajashuka ku portail: muziki hii ni ya kwetu, baba. Mutoto wako ndiye ataiendeleza, kama hatujaiuza mbele ya kujua teneur yake.